Hosteli, geto au kubebwa: maswali ya malazi kwa anayekuja kusoma Mlimani

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakitoka, simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu kutoka Songea, Bukoba, Tanga na kwingineko, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa hosteli ya chuo, mwaka wa pili nikabebwa muhula mmoja, yaani nikalala kwenye kitanda cha mwenzangu, kisha nikapanga geto, chumba cha mtaani, Msewe hadi namaliza. Nazungumzia hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, kwa sababu ndiko ninakokujua. Vyuo vingine nimevigusa mwishoni.

Nimechaguliwa Mlimani. Si nimeshapata na hosteli?

Hapana. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi. Kuchaguliwa ni jambo moja, malazi ni jambo jingine kabisa, lina maombi yake, malipo yake na orodha yake. Chuo hiki kilipoanza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria. Wakati huo ungeweza kuuliza kitanda chako kiko wapi ukaonyeshwa kwa kidole. Leo wanafunzi ni maelfu kwa maelfu na vitanda havitoshi, kwa hiyo mtu anayefika na sanduku lake akidhani chumba kinamsubiri atalala kwa ndugu usiku huo, kama ana ndugu.

Naomba wapi, na lini?

Kwanza thibitisha chuo. Kama umechaguliwa vyuo viwili au vitatu, mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unakutaka uchague kimoja kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Usipothibitisha, hakuna chuo kinachokuhesabu kuwa mwanafunzi wake, na habari ya hosteli haipo.

Ukishathibitisha, fuatilia matangazo kwenye tovuti ya chuo. Maombi ya chumba hufanyika mtandaoni, na ofisi inayoshughulika nayo pale Mlimani ni ya malazi ya wanafunzi, wenyewe wanaiita USAB. Dirisha likifunguliwa omba siku hiyohiyo. Usingoje ushauri wa mjomba. Tumia namba ya simu ambayo utakuwa nayo bado Novemba. Nimeona watu waliojaza namba ya rafiki, rafiki akabadilisha laini, ujumbe wa kupewa chumba ukaishia hewani.

Halafu soma tangazo lenyewe, si picha yake iliyokatwa nusu kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe hubadilika kila mwaka, na picha ya mwaka juzi bado inazunguka.

Nani hupewa kwanza?

Kwa kawaida wanaotangulizwa ni wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wanaotoka nje ya nchi. Wanaoendelea hugawana kilichobaki. Kama una ulemavu au ugonjwa unaohitaji chumba cha chini au choo cha karibu, usikae kimya ukitegemea watakuona: ambatisha cheti cha daktari, halafu ukifika nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ujieleze kwa mdomo. Karatasi peke yake hukaa kwenye faili, mtu aliyesimama mlangoni anasikilizwa.

Nimepewa chumba na namba ya malipo imetoka, lakini bumu bado. Nifanyeje?

Tafuta hela. Samahani kwa jibu fupi, lakini ndilo la kweli.

Niifafanue kidogo. Ukipangiwa chumba, mfumo unakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, hiyo ambayo kila mtu anaiita kontroo namba. Unalipa benki au kwa simu, na namba hiyo ina siku yake ya kufa. Ikipita hujalipa, kitanda kinapewa mwingine. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, kwa upande wake haliji kabla hujasajiliwa chuoni na kusaini. Maana yake hela ya hosteli lazima itoke nyumbani, hata kama Bodi ya Mikopo imekupa asilimia mia. Mwambie mzazi mapema, mwezi wa nane au wa tisa, wakati mahindi hayajauzwa yote. Ada ya hosteli ya chuo kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko kodi ya miezi sita ya geto la kawaida, kwa hiyo hata kukopa kwa shangazi kuna faida.

Ukishalipa, hifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi. Mwenye risiti hapotezi chumba kwa sababu ya mtandao kusumbua.

Hosteli zipi zipo, na nichague ipi?

Ndani ya kampasi kuna mabweni ya zamani, wenyewe tunayaita kwa Kiingereza chake, Hall One, Hall Two na kuendelea. Kuna hosteli za Magufuli, majengo 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo na kufunguliwa Aprili 2017, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Nje kidogo kuna hosteli ya Mabibo, na nyingine ndogondogo kama ya Kijitonyama.

Wengi wanachagua kwa upya wa jengo. Mimi nasema chagua kwa miguu. Jiulize: nikitoka maktaba saa nne usiku, narudije? Anayekaa ndani ya kampasi anatembea. Anayekaa Mabibo anategemea daladala, na asubuhi ana foleni kabla ya kipindi cha saa moja. Nauli ya mara mbili kwa siku inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa siku za muhula mzima. Lakini Mabibo kuna soko karibu, chakula ni rahisi, na kuna watu wasiotaka kuhama hata wakipewa nafasi ya juu kule Mlimani. Kila mtu na tumbo lake.

Na mara nyingi hutachagua. Utapangiwa.

Chumbani tunakaa wangapi? Nije na nini?

Inategemea jengo, ila jiandae kwa vitanda vya deka na wenzako watatu au zaidi. Ukifika, kabla hujatandika, kagua kilichomo pamoja na msimamizi: kitanda, kabati, swichi, kioo cha dirisha. Kilichovunjika kiandikwe kwenye fomu siku hiyo. Usipokiandika, mwisho wa mwaka utakilipia wewe.

Vitu vya kubeba: shuka jozi mbili, chandarua (Dar ina mbu wa kutosha kila mtu), ndoo yenye mfuniko, dumu la lita 20, kandambili za bafuni, kufuli lako mwenyewe la kabati, na waya wa umeme wa kuunganishia kwa sababu soketi moja itagombewa na simu nne. Godoro ulizia kabla ya kubeba. Usisafiri nalo kutoka Mbeya juu ya basi halafu ukute lipo. Blanketi zito acha nyumbani kabisa. Hapa ni Dar.

Dumu usilidharau. Maji yakikatika, mwenye dumu lililojaa anaheshimiwa kuliko mwenye kompyuta mpakato.

Naruhusiwa kupika?

Kwa kanuni, hapana. Majiko ya umeme na hita za kuchemshia maji ya kuoga ndivyo vitu vya kwanza kukamatwa kwenye ukaguzi, na sababu si ubaya wa mtu: nyaya za jengo hazikupimwa kwa vyumba vyote kuchemsha maharage saa moja jioni. Harufu ya vitunguu vya kukaanga utaisikia hata hivyo kwenye korido. Mimi sijasema kitu.

Kunguni je?

Wapo, kwenye hosteli na kwenye mageto pia. Siku ya kwanza inua godoro, angalia mishono ya pembeni na kwenye matundu ya chuma cha kitanda. Ukiona vidoa vyeusi kama wino, usitandike. Toa godoro juani, mwaga maji ya moto kwenye chuma, toa taarifa ili chumba kipuliziwe dawa. Pulizieni chumba kizima siku moja. Mkipulizia kitanda kimoja mmewahamisha tu.

Jina langu halipo kwenye orodha. Basi tena?

Bado. Kuna watu hupewa na hawalipi, kuna wanaohama chuo, kuna wanaoamua kukaa kwa dada yao Tegeta. Vitanda hivyo hurudi. Baada ya wiki mbili tatu za muhula nenda ofisi ya malazi, uliza kwa adabu, rudi tena wiki inayofuata. Ongea pia na viongozi wa bweni wa DARUSO, serikali ya wanafunzi, wao wanajua kitanda kipi kiko wazi kabla ya karatasi kujua.

Ila usije Dar ukiwa na tumaini hilo peke yake. Uwe na mpango wa pili wenye bei yake, na hela yake ukiiweka kando. Ndiyo maana nusu ya ukurasa huu inahusu mageto.

Na mtu akikuambia anauza nafasi ya hosteli kwa kumtumia hela kwenye simu, mkatie. Malipo halali yana kontroo namba yenye jina lako.

Kubebana ni nini hasa?

Ni mwenye kitanda kumpokea asiye na kitanda, mkalala wawili kwenye kitanda cha mmoja. Anayepokelewa anabebwa. Kanuni hazimtambui, siku ya ukaguzi yeye ni mgeni asiye na kibali, na mbebaji wake anaweza kupoteza chumba.

Nilibebwa muhula mzima. Mwenzangu alikuwa mrefu, mimi nalala kwa kujigeuza. Tukawa tunalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake, na tukapatana kwamba atakayechelewa kurudi ndiye analala upande wa nje ili asimwamshe mwenzake akipanda. Asubuhi begi langu lilikuwa chini ya kitanda chake, nguo kwa jirani, daftari kwenye kabati la mtu wa tatu. Wenzake wawili wa chumba hawakuniambia kitu kibaya hata siku moja, lakini kila nilipojaza maji ya kuoga nilihisi nayaiba.

Kama utabebwa, omba ruhusa ya chumba kizima, si ya rafiki yako tu. Changia sabuni, maji na usafi kuliko wenye chumba. Na jiwekee mwisho: wiki nne, wakati unatafuta geto. Ukiwa huna mwisho, urafiki ndio unaokwisha.

Nataka geto. Mitaa gani?

Ukitaka kutembea kwa miguu: Changanyikeni, Msewe, Survey, na baadhi ya sehemu za Makongo. Changanyikeni kuna wanafunzi wengi, na mama ntilie wa kutosha. Msewe ni rahisi kidogo kulingana na bonde au mlima. Survey iko karibu na Chuo Kikuu Ardhi na maduka ya Mlimani City, kwa hiyo bei inajua hivyo. Ukikubali daladala: Sinza, Mwenge, Kijitonyama, Ubungo, Mabibo. Ukienda hadi Kimara unapata chumba kizuri kwa hela ndogo, lakini utaamka saa kumi na moja.

Jifunze majina ya vyumba kabla hujapiga simu. Singo ni chumba kimoja, choo cha kuchangia. Masta ni chumba chenye choo na bafu ndani. Chumba na sebule ni hicho hicho kinavyojieleza. Dalali akisema "kipo kama masta", sio masta.

Dalali ananitaka hela ya kwenda kuona chumba. Ni sawa?

Ni desturi ya mjini: anakutoza kidogo kwa kukupeleka, na ukipanga anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuona lipa mara moja kwa siku, si kwa kila mlango, na mwambie hivyo kabla hamjaanza kutembea.

Kodi yenyewe usimpe. Niliwahi kumkabidhi dalali mmoja kishika uchumba cha 50,000 ili "chumba kisiende", nikamwona anaingia uani, anatoka, ananiambia mama amekubali. Nilirudi jioni na mizigo. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele barazani, akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, wewe nani?" Nyumba haikuwa na chumba tupu tangu mwezi wa sita. Dalali alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa.

Kweli wanataka kodi ya miezi sita mkupuo?

Wengi ndiyo, wengine mwaka. Piga hesabu kabla hujapenda chumba. Tuseme singo ya 70,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 420,000. Dalali 70,000. Umeshafika 490,000 na bado chumba kina sakafu tu. Hela ya chakula na malazi ya Bodi kwa miaka ya karibuni ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa vipindi vya siku 60, yaani 600,000. Ukitoa kodi unabakiwa na 110,000 ya kula miezi miwili. Ni kama 1,800 kwa siku, bila godoro, bila ndoo, bila nauli. Hapo ndipo watu wanaanza kula mara moja.

Kwa hiyo jaribu mambo mawili. Omba miezi mitatu: mwenye nyumba aliyekaa na chumba kitupu tangu Julai anaweza kukubali, hasa ukienda na mzazi au ukimpigia simu mzazi aongee naye. Au chukua chumba kikubwa na mwenzako mgawane.

Nikiwa pale naangalia nini?

Fungua bomba. Usiulize kama maji yapo, fungua. Uliza yanatoka siku zipi za wiki na kama kuna tenki. Vuta maji chooni. Funga mlango kwa ndani uone kama komeo linashika. Tazama dirisha kama lina nondo na wavu.

Umeme uliza hivi: mita ya LUKU ni yangu peke yangu au tunachangia? Msewe tulikuwa vyumba sita mita moja, kila mtu anatoa sawa. Jirani yangu alikuwa na friza, anauza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule. Mimi nilikuwa na taa moja na simu. Tulitoa sawa mwaka mmoja na nusu.

Na angalia ukuta. Nilienda kuona chumba changu asubuhi moja, jua linawaka, nimefurahi kwamba kimepakwa rangi. Sikujiuliza kwa nini rangi mpya ilianzia chini na kuishia usawa wa goti. Masika ya Machi yalinijibu: maji yaliingia usiku, yakafika palepale rangi ilipoishia, nami nimesimama juu ya kitanda nimekumbatia godoro na vitini vya mtihani. Kama chumba kiko bondeni, muulize jirani, si mwenye nyumba, maji yanafika wapi.

Rudi pia usiku, mara moja tu, upite njia utakayopita. Chumba kizuri chenye baa nyuma yake utakijua Ijumaa.

Mkataba una maana gani kwa chumba cha mwanafunzi?

Una maana siku mtakapokosana. Ziwe nakala mbili, zenye jina kamili la mwenye nyumba, kiasi, miezi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nani analipia nini. Wengi husainia ofisi ya serikali ya mtaa kwa malipo madogo, na hapohapo mjumbe anakufahamu, jambo ambalo lina faida yake siku ukiibiwa. Hakikisha unayesaini naye ndiye mwenye nyumba. Msimamizi, shemeji na "mtoto wa marehemu" waonyeshe barua.

Nikae geto na rafiki yangu wa sekondari?

Labda. Rafiki mzuri si lazima awe mkaaji mzuri. Muulize kabla: analala saa ngapi, anaalika wageni wa kulala, nani anaosha masufuria, na mmoja akiondoka katikati kodi iliyobaki inakuwa ya nani. Akicheka maswali haya, tafuta mwingine.

Mimi ni mzazi. Binti yangu amekosa hosteli ya chuo, nampeleka wapi?

Mama au baba, shikamoo. Kuna hosteli za watu binafsi na za taasisi za dini karibu na chuo, nyingine za wasichana tu, zenye matroni na geti linalofungwa kwa saa. Bei ni juu kuliko ya chuo lakini mara nyingi unalipa kwa muhula, maji na umeme vikiwamo. Nenda mwenyewe, ongea na matroni, na zungumza na wasichana wawili watatu bila matroni kuwapo. Muulize pia geti linafungwa saa ngapi, kwa sababu kuna vipindi na makundi ya kujisomea yanayoisha usiku. Geti la saa moja litamfanya akose masomo au alale nje, na yote mawili huyataki.

Kumkabidhi kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto ili kuokoa kodi naomba mfikirie mara mbili. Foleni ya huko inakula saa nne za siku yake.

Likizo na fildi inakuwaje?

Hosteli ya chuo hulipiwa kwa mwaka wa masomo. Likizo ndefu ikifika unatoa vitu vyako. Geto linaendelea kula kodi hata ukiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Mtwara. Panga miezi yako ili mkataba uishie Julai, au mpe mtu wa fildi anayekuja Dar akae kwa makubaliano na mwenye nyumba.

Nikihama hosteli katikati ya mwaka narudishiwa?

Usitegemee. Ukikubali kitanda na kulipa, hesabu hela imekwenda.

Sisomi Mlimani. Vyuo vingine je?

Dodoma, kwenye UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nafasi za ndani ni nyingi kuliko Dar na wengi wanakaa kampasi. Suala lao ni umbali kati ya koleji na koleji, kwa hiyo angalia umepangiwa upande upi. Wanaopanga huenda Ng'ong'ona. Mzumbe wanapanga Changarawe, hatua chache kutoka getini. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, wengi wako mtaani kule Malimbe, na bei za vyumba zinafuata kalenda ya chuo. Muhimbili wako Upanga, katikati ya jiji, ambako singo ya mwanafunzi ni ya kutafuta kwa tochi. Wao waombe hosteli kwa nguvu zote.

Nifike Dar siku ngapi kabla ya kufungua?

Mwenye chumba cha chuo, siku iliyotangazwa inatosha. Anayetafuta geto, siku kumi kabla, na asije wikiendi ya kufungua, maana siku hizo madalali wa Changanyikeni hawapokei hata simu. Pakia ndoo ndani ya basi, ukiijaza nguo.